Uhandisi wa Programu: Nani Ataweka Muhuri?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika eneo lolote la ujenzi wa ghorofa hapa nchini hubandikwa bango lenye majina ya mkandarasi, msanifu majengo na mhandisi mshauri. Jengo likipata nyufa, au likaporomoka, wachunguzi huanza na majina hayo. Mwananchi anayepita mbele ya bango hilo akiwa na simu mkononi, akilipia ada ya Serikali kwa kumbukumbu namba, anategemea pia kazi ya wataalamu, ila majina ya hao hayajaandikwa popote anapoweza kuyasoma. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali lililowagawa wasomi kwa zaidi ya nusu karne: je, uhandisi wa programu za kompyuta ni taaluma kamili, au ni ufundi uliopewa jina kubwa?

Jina lenyewe lilipata umaarufu katika mkutano ulioitishwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968. Waandaaji walilichagua kwa makusudi ili kuchokoza fikra, kwa kuwa programu kubwa za wakati huo zilikuwa zikichelewa, zikizidi bajeti na kujaa makosa. Mwaka huo huo Tanzania ilitunga Sheria ya Usajili wa Wahandisi, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Chini ya sheria hiyo, shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, hufanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka kadhaa, kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi humpima. Akikiuka maadili, Bodi hiyo hiyo inaweza kumfuta katika daftari.

Kwa upande wa elimu, hoja ya taaluma imekwisha kujibiwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mfano, kinatoa shahada ya uhandisi wa programu. Kinachobaki ni uwajibikaji, na hapo Uingereza imetoa somo chungu.

Kuanzia mwaka 1999, shirika la posta la nchi hiyo lilifunga katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo ulipoonesha upungufu wa fedha, mawakala wa posta walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani, baadhi yao wakafungwa. Mahakama zilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa isipokuwa upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Wakala wa kijijini angethibitishaje? Desemba 2019 Mahakama Kuu ya England ilibainisha kuwa mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na mtaalamu aliyelazimika, kwa kiapo cha taaluma na kwa hatari ya kupoteza leseni yake, kusimama na kusema kuwa mfumo una kasoro.

Hata hivyo, kuiga utaratibu wa majengo moja kwa moja kumeshindikana kwingine. Marekani ilianzisha mtihani wa leseni kwa wahandisi wa programu mwaka 2013, ikausitisha mwaka 2019 baada ya watahiniwa 81 tu kujitokeza. Jimbo la Alberta, Kanada, lilibadili sheria mwaka 2023 ili wafanyakazi wa teknolojia waweze kutumia jina hilo bila leseni ya uhandisi. Tena, vijana wengi wanaobuni programu walijifunza wenyewe, na kuwafungia mlango kwa kukosa cheti kungekuwa hasara kwa Taifa. Aliyetengeneza programu ya kupanga ratiba ya mazoezi ya kwaya hahitaji muhuri wa mtu.

Mifumo ya hospitali, malipo na utambulisho wa watu ni jambo jingine. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma kufuata viwango vya mifumo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambebesha wajibu anayekusanya taarifa. Zote mbili zinaelekeza macho zaidi kwa taasisi. Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015, inasajili wataalamu wa fani hiyo, na kwa maoni ya mwandishi, daftari hilo litapata uzito pale jina lililomo litakapotakiwa kwenye hati ya makabidhiano ya kila mfumo wa aina hiyo: nani aliusanifu, nani aliupima, na nani aliridhia uanze kutumika ukiwa katika hali uliyokuwa nayo siku hiyo.