Mama, Usingoje Uvimbe Uume

Akina mama, leo tuzungumze habari ya matiti. Najua wengine mtaona haya kuusoma ukurasa huu mbele za watu. Basi usomeni jikoni, lakini usomeni.

Tumezoea kuujua ugonjwa kwa maumivu. Jino likiuma, tunajua ni bovu. Saratani ya titi haiji hivyo. Mara nyingi huanza kwa uvimbe mdogo, mgumu, usiouma. Mama huugusa akioga, akasema, "Mbona hauumi? Utaondoka wenyewe." Anashika jembe, anakwenda shamba. Mwaka unapita. Siku uvimbe unapogeuka kidonda, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea mwilini. Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 670,000 duniani.

Yajue matiti yako. Yachunguze siku chache baada ya hedhi kwisha, maana kabla ya hapo hujaa na kuuma. Aliyekoma hedhi achague siku moja ya mwezi. Unapooga, inua mkono wa kushoto. Kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia bonyeza titi la kushoto polepole, pande zote, mpaka kwapani. Kisha fanya hivyo titi la pili. Tazama pia ngozi. Je, imebonyea, au imekuwa kama ganda la chungwa? Je, chuchu imeingia ndani, au inatoa damu?

Ukiona lolote geni, nenda zahanati wiki hiyo hiyo. Usikande, usifunge majani. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini vidole haviwezi kuhakikisha, hata vya daktari. Kipande kidogo hutolewa kikapimwa kwa darubini.

Wako wasemao, "Nikienda watanikata titi, na mume ataniacha." Uvimbe ukiwahiwa, mara nyingine hutolewa huo tu, titi likabaki. Anayejificha ndiye hasa hupoteza titi zima, na pengine maisha.

Nanyi akina baba, msicheke. Wanaume nao huugua saratani ya titi, ingawa ni wachache. Tena nauli ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, mara nyingi hutoka mfukoni mwenu. Mkeo akikuambia ameona uvimbe, usimwambie angoje mavuno.

Na zahanati wakikupa vidonge vya maumivu tu, mama, usiondoke. Omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya.