Kalipa Nyekundu, Breki Hakuna

Leo siasa naiweka pembeni, nazungumzia rangi. Si rangi ya chama chochote, msije mkanikimbia. Nazungumzia ile nyekundu inayochungulia nyuma ya rimu za spoti, ambayo sisi vijana wa mjini wenye Altezza, Crown na Subaru tunaihusudu kuliko hata afya ya gari lenyewe. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: kupaka rangi kalipa ni kazi ya breki, si kazi ya urembo. Anayeifanya kama urembo anacheza na roho za watu. Nasema hivyo kwa sababu ya kwangu niliichezea.

Gari lenyewe ni Altezza ya rangi ya fedha. Toyota walitengeneza magari haya kuanzia 1998 hadi 2005 (nchi nyingine yaliuzwa kwa jina la Lexus IS), kwa hiyo hata lile la mwisho kabisa limeshapita miaka 20. Aliyekuwa nalo kabla yangu alizipaka kalipa nyekundu, lakini mpaka linafika mikononi mwangu zilikuwa zimepauka, rangi ya nyanya iliyosahaulika juani. Kila nikipaki pale ofisini naona aibu. Na mshahara wa ripota una aibu zake za kutosha, huhitaji kuongezewa.

Basi nikaingia gereji moja Mbeya. Kijana akatoa magurudumu, akapitisha kitambaa juu ya vumbi, akachovya brashi kwenye kopo la rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia mageti. Msasa hakuna. Tepu ya kuzibia sehemu zisizotakiwa rangi hakuna. Nusu saa, kalipa zote nne zinang'aa kama pipi. Nikapiga picha, nikalipa, nikaondoka. Simlaumu yeye peke yake, maana aliyesema "fanya fasta kaka, nawahi Kyela" ni mimi.

Kwa wasioijua barabara hiyo: ukitoka Uyole unapanda kwenye baridi ya Rungwe, unapita Kiwira, unafika Tukuyu. Baada ya Tukuyu dunia inaanza kushuka. Mashamba ya chai yanakuachia migomba, migomba inakuachia kakao, halafu joto linakupiga usoni na unaona majaruba ya mpunga. Umefika Kyela, bondeni, karibu usawa wa Ziwa Nyasa. Kati ya Tukuyu na Kyela umeshuka takribani mita 1,000.

Hebu tupige hesabu ya sekondari. Gari na abiria wake likiwa na tani moja na nusu, nguvu inayotoka kwa kushuka mita 1,000 inatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya baridi. Ndoo mbili kubwa! Sehemu ya joto hilo hubebwa na injini kama umeweka gia nzito, na nyingine na upepo. Mimi nilikuwa nimeiacha kwenye D, muziki juu, mguu kwenye breki. Ndoo zangu karibu zote zilikuwa zinachemkia kwenye magurudumu manne. Na siyo kwamba hatujui. Mwaka 2018 mkoa wa Mbeya ulizika watu wengi baada ya malori kushindwa breki kwenye miteremko. Niko kwenye taaluma ya kuripoti mambo hayo, halafu nashuka Rungwe na D.

Harufu ilianza kabla sijaona mpunga. Nikadhani ni lori la mbele. Kisha usukani ukaanza kuvuta kushoto, na pedali ikawa laini kama nakanyaga godoro. Nikajikongoja mpaka sehemu tambarare, nikashuka. Manyunyu ya mvua yalikuwa yanaanguka kwenye rimu ya mbele kushoto yakilia tsss, tsss, kama kikaango.

Fundi niliyempata Kyela ni mtu mzima, mpole, na hana haraka hata kidogo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba kijana. Nani amekupakia hii?"

Sikujibu. Akaleta bisibisi, akaonyesha. Kalipa ya gari kama langu huteleza juu ya pini mbili, na pedi nazo hukaa kwenye vijia vyake zikienda na kurudi. Ukikanyaga zinabana diski, ukiachia zinalegea kidogo. Sasa vijia vyangu vilikuwa vimejaa rangi ya geti. Pedi zilikwenda, hazikurudi. Gurudumu lile lilikuwa linafunga breki tangu Tukuyu bila mimi kukanyaga. Mafuta ya breki nayo yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu, na yakishashiba kiwango huweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Ndiyo lile godoro langu.

"Ulikuwa umebakiza kidogo," akasema, akaendelea na kazi. Hakunihubiria, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wapo watakaosema basi rangi tuache kabisa. Sikubaliani nao. Kalipa nyingi za Toyota zetu ni chuma cha kusubu, na mvua za Kyela, hasa Machi hadi Mei, hazina mchezo. Dar kuna chumvi ya bahari, Kyela kuna maji ya kutoka juu. Kutu ikiota kwenye vijia vya pedi matokeo ni yale yale ya rangi ya geti. Rangi ya kweli, ile ya kopo lililoandikwa kwamba ni ya kalipa na linataja nyuzi joto inazovumilia, ni kinga. Isitoshe, ili uipake sawasawa lazima ufungue gurudumu na uone kila kitu. Faida kubwa iko hapo.

Nikamwomba fundi tufanye upya. Rafiki yangu alinitumia kopo kwa basi kutoka Mbeya, nami nikalala Kyela siku mbili zaidi. (Mhariri, kama unasoma, stori ya kakao ilihitaji muda.) Gari likakalishwa juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake. Brashi ya waya, msasa, maji na sabuni. Nikasogeza chupa ya petroli kama nilivyozoea kuona kwingine, akaisukuma pembeni: petroli inavimbisha raba za pistoni. Pini zikasafishwa na kupakwa grisi yake maalumu, siyo grisi ya kila kitu. Pedi mpya, mafuta mapya. Kisha akaziba kwa tepu raba, kiskurubu cha kutolea upepo na kila panapoteleza, ndipo akapuliza. Mikono mitatu, myembamba, akisubiri kila mmoja ukauke. Nusu siku kwa kalipa tatu. Na tone lolote la mafuta ya breki alilifuta papo hapo, maana yanakula rangi.

Kinachonikera ni sisi wenyewe. Gharama ya rangi hatuulizi mara mbili, lakini fundi akitaja bei ya pedi tunamwita mwizi. Tunapandisha picha ya rimu, hatujui mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Tuna digrii, tunajua kupiga hesabu za ndoo, na bado tunasema "paka tu, nawahi".

Nimesema kalipa tatu. Ya nne, ya nyuma kulia, raba ya pini imechanika, na fundi amekataa kuigusa kwa rangi mpaka spea ifike. Aliisafisha inayotosha kutembea, basi. Kwa hiyo mkiiona Altezza ya fedha inapanda taratibu kuelekea Uyole, kalipa tatu nyeusi na moja ya rangi ya nyanya iliyochoka, nipigieni honi. Ni mimi.