Vizimba vya nini bila vifaranga?

Makamanda, leo tuongee samaki. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, sisi wa Ikola tuliimbiwa vizimba asubuhi na jioni. Sawa, sipingi vizimba. Hata kupumzisha ziwa sipingi, dagaa nao wanahitaji nafasi ya kuzaliana. Ninachouliza ni hiki: vifaranga watatoka wapi, na wa samaki gani?

Wakubwa wakitaja vizimba wanamaanisha sato. Sato ni mteremko, anatoka mdomoni mwa mama yake karibu yuko tayari kula unga. Lakini hapa mwaloni watu wanataka migebuka na kuhe. Na mgebuka ana ndugu yake wa ukoo mmoja, barramundi, ambaye Thailand walianza kumzalisha miaka ya 1970 na leo anafugwa hadi Australia. Kazi iko siku zile za mwanzo. Kifaranga wake ana mdomo mdogo kama punje ya mchanga, unga hagusi, anataka kitu kinachotembea. Anaanza na rotifa, vijidudu vya kutazamwa kwa hadubini, akikua kidogo anahamia artemia. Tatizo, vijidudu hivyo vyenyewe havina mafuta ya kutosha anayohitaji kifaranga wa baharini. Kwa hiyo saa kadhaa kabla, vinawekwa kwenye maji yaliyochanganywa mafuta ya samaki, vishibe omega-3 vikiwa hai, ndipo kifaranga avimeze na mzigo wake. Ruka hatua hiyo uone: wanakufa kwa mafungu, na waliobaki hawakui vizuri.

Sisemi mgebuka atakubali kufugwa kesho asubuhi. Nasema elimu hii hainunuliwi pamoja na nyavu za kizimba.

Sehemu kubwa ya mayai ya artemia duniani inavunwa kwenye ziwa la chumvi kule Utah, Marekani. Wakenya waliwapandikiza artemia kwenye mashamba yao ya chumvi ya pwani tangu miaka ya 1980. Sisi tuna chumvi Uvinza, hapo jirani tu. Kwa nini tusijaribu?

Bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi ikisomwa, msihesabu vizimba peke yake. Mbaneni mbunge wenu: Katavi itapata lini kituo cha kuzalisha vifaranga chenye chumba cha chakula hai, na mtaalamu wa kuishi huku Ikola au Karema, siyo wa kuja na gari siku ya uzinduzi?