Kunguni wa ploti ni wa nani?

Katika ploti za Silanga kule Kibera, swali hili huzua ugomvi kila mara, na jibu lake huwa ni kunyoosheana vidole. Mama wa chumba cha kwanza husema kunguni waliletwa na kijana wa chumba cha tatu aliponunua godoro kuukuu. Kijana naye huapa kwamba aliwakuta. Landilodi, ambaye mara nyingi haishi hapo, hutuma mtu kuchukua kodi na kusema kwamba nyumba ilikuwa safi alipoipangisha. Wakubwa wakibishana hivyo, watoto hawalali, na asubuhi wanasinzia darasani.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa maana lina jibu.

Kwanza tumjue adui. Kunguni hana mabawa. Hutembea kwa miguu, akapita kwenye ufa, nyuma ya maboksi yaliyobandikwa ukutani na kwenye pengo lililo kati ya ukuta na mabati. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunywa damu. Sasa fikiria vyumba kumi vya futi kumi kwa kumi vilivyoshikana, kila kimoja kikitenganishwa na mwenzake na ukuta wa udongo tu. Ukipuliza dawa kwako peke yako, watakaosalia watahamia kwa jirani, na baada ya majuma machache utawaona tena. Pesa zako zimekwenda bure. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hata kunguni ni vivyo hivyo.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, katika kifungu cha 118, huhesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kuhatarisha afya kuwa ni kero inayopaswa kuondolewa. Kifungu cha 119 chaeleza nani apewe amri ya kuiondoa. Kwanza ni yule aliyeisababisha, na asipopatikana, ni anayeishi humo au mwenye nyumba. Lakini ikiwa kero imetokana na kasoro ya jengo lenyewe, amri humwendea mwenye nyumba. Ukuta uliopasuka, sakafu iliyobomoka, tundu chini ya mlango linalopitisha panya, hayo si ya mpangaji.

Huenda landilodi akakujibu kwamba ardhi ya Kibera ni ya serikali, naye hana hatimiliki. Jibu hilo halimwokoi. Sheria hiyo humhesabu anayepokea kodi kuwa mwenye nyumba. Anayekula kodi ya ukuta ndiye mwenye nyufa zake.

Mpangaji naye asijifiche nyuma ya landilodi. Godoro, kitanda, nguo, sufuria zisizooshwa na unga ulioachwa wazi ni vyake. Mende na panya hawahitaji mwaliko mwingine.

Wa tatu ni Serikali ya Kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka na kudhibiti kero za umma. Silanga iko kando ya bwawa la Nairobi, na taka zisizozolewa huishia mitaroni ambamo panya huzaana. Hili si jambo la kuchekesha. Watafiti walionasa panya 224 Kibera mwaka 2008 walikuta karibu mmoja kati ya watano ana viini vya leptospira, ambavyo hutoka kwa mkojo wa panya na kumwambukiza mtu kupitia maji na matope.

Nairobi ilipaswa kujifunza zamani. Tauni ilipozuka mwaka 1902, wakoloni waliliteketeza soko la Wahindi. Walioishi humo walipoteza nyumba, na miaka ya baadaye tauni ilirudi. Kumlaumu mwenye chumba hakumfukuzi panya.

Basi fanyeni hivi. Chagueni siku moja ambayo vyumba vyote vitafunguliwa. Bandueni maboksi ukutani, fueni matandiko kwa maji ya moto, na zibeni kila ufa. Rudieni kupuliza dawa baada ya majuma mawili, kwa sababu mayai mengi huponea dawa ya kwanza. Dawa iwe na lebo, na iwe imesajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu. Ile inayouzwa mtaani ndani ya chupa ya soda imekwisha kuwa hatari kwa mtoto mwenye kiu. Na msipake mafuta ya taa chumba chenye jiko.

Kuhusu gharama, naona ni haki landilodi alipe dawa na ukarabati wa kuta, nanyi mtoe jasho la kufua na kusafisha. Akikataa, andikeni barua moja, kila chumba kitie sahihi, mbaki na nakala, na mumpelekee afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Najua mnachohofia. Mpangaji akilalamika peke yake huambiwa ahame, na chumba chake hupata mtu mwingine kabla ya jioni. Lakini ni landilodi gani atakayefukuza vyumba kumi na kukosa kodi ya vyote mwezi mmoja?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hivyo leo Jumapili, jirani yako akiwa nyumbani, mpigie hodi. Usimuulize ni nani aliyewaleta kunguni. Muulize kama Jumamosi ijayo atakuwepo.

Tukutane wiki ijayo.