Nyumba Njema Si Mlango: Jengo la Mkahawa wa Mhamiaji

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihadaike na sura ya nje ya mwenzake. Katika makala haya ninanuia kuirejesha katika maana yake ya msingi, kuhusu nyumba yenyewe, hasa mkahawa wa mhamiaji ambao jengo lake linatarajiwa kuakisi utamaduni wa alikotoka. Nionavyo mimi, utamaduni huo haukai katika picha za ukutani wala katika umbo la paa. Hukaa katika njia anayopitia mgeni tangu kizingitini hadi anaponawa mikono baada ya kula. Msanifu anayeanza na pambo ameanzia mwishoni.

Mwaka uliopita nilikula katika mkahawa mmoja wa Kihabeshi jijini Nairobi. Ukutani mlikuwa mmechorwa simba, ngamia na makanisa ya Lalibela yaliyochongwa mwambani. Meza na viti vilikuwa virefu, sawa na vya mkahawa wowote wa katikati ya jiji. Nilimsifu mwenye mkahawa, mama wa makamo aliyeishi nchini kwa miaka mingi, kwa namna alivyoipamba nyumba yake. Alitabasamu kidogo, akasema, "Mwanangu, wageni huiona Ethiopia ukutani. Mimi bado naitafuta."

Nilipomdadisi, alinieleza kwamba alitaka viti vifupi vizungushwe kwenye mesobu, kile kikapu kirefu cha kusukwa ambacho juu yake huandaliwa sinia ya injera. Alitaka pia pembe ya ukumbi ya kukaangia kahawa mbele ya wageni, harufu yake iwafikie kabla ya kikombe. Msanifu wake alimwambia kuwa mpango huo ungepunguza nafasi za wateja na kwamba moshi ungeleta matatizo. Kisha akampa ile michoro, kana kwamba ni fidia. Sasa kahawa hukaangwa jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa.

Hebu tutafakari kilichopotea. Kwa Wahabeshi, kahawa si kinywaji cha kumalizia mlo tu. Punje mbichi huoshwa, zikakaangwa, zikatwangwa, kisha kahawa ikachemshwa katika jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu. Hunywewa kwa awamu tatu, abol, tona na bereka, na hii ya mwisho hubeba maana ya baraka. Shughuli hii huhitaji muda, na muda huhitaji mahali pa kukaa. Aidha, injera huliwa kwa mkono katika sinia moja, na mlaji huweza kumlisha mwenzake tonge kwa mkono wake mwenyewe. Desturi hiyo huitwa gursha, nayo ni ishara ya mapenzi na heshima. Meza pana inapomtenga kila mlaji na sahani yake, gursha hufa hata kama injera imepikwa ikapikika. Ndiposa nikasema kuwa umbali baina ya viti ni suala la utamaduni kuliko rangi ya ukuta.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi tunaosoma maisha na fasihi ya Waswahili. Nyumba ya mawe ya Lamu humpokea mtu kwa hatua. Nje kuna daka lenye mabaraza ya mawe, na mgeni wa kupita huishia hapo. Aliyekaribishwa hupitia tekani, ambako njia hupinda ili jicho la barabarani lisifike uani moja kwa moja. Mbele zaidi kuna misana, kisha ndani, penye faragha ya wenyewe. Adabu ya ugeni na sitara ya familia zimo katika mpango wa kuta. Sasa tutazame mikahawa kadhaa ya bara inayojinasibu na Uswahili: mlango wa nakshi umetundikwa ukutani, haufunguki wala hauelekei popote. Mlango kama huo ni nukuu iliyong'olewa katika muktadha wake.

Huenda mpinzani wangu akasema kwamba mkahawa ni biashara, na kwamba mpita njia sharti avutwe na anachokiona. Hoja hii ina uzito, na historia inaiunga mkono. Baada ya tetemeko la ardhi na moto wa Aprili 1906 kuiangamiza San Francisco, viongozi wa jiji hilo la Marekani walitaka kuwahamishia Wachina Hunters Point, pembezoni kabisa. Look Tin Eli, mfanyabiashara wa jamii ya Wachina aliyezaliwa California, alikuwa miongoni mwa waliopigania kujenga upya palepale. Majengo ya maduka ya Sing Fat na Sing Chong yalibuniwa na Ross na Burgess, yakawekewa mapaa ya mtindo wa pagoda ili yawavutie watalii. Huo haukuwa ujenzi wa Uchina halisi. Ulikuwa Uchina katika jicho la mgeni. Hata hivyo, Wachina walibaki mahali pao. Sithubutu kulibeza pambo lililowasaidia watu wasifukuzwe kwao.

Hata hivyo, katika kisa hicho wenyewe ndio walioliagiza pambo, wakijua wanamwonyesha nani na kwa nini. Yule mama wa Nairobi hakuamua, aliamuliwa. Kwa lugha ya darasani, Look Tin Eli alikuwa mtunzi, ilhali mama huyu amegeuzwa mhusika katika hadithi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba kabla ya kuchora mstari wowote, msanifu amwulize mwenye mkahawa: Mgeni hupokewa wapi? Hunawa wapi, na nani humtilia maji? Nani huketi karibu na nani? Lipi hufanywa hadharani na lipi faraghani? Baada ya majibu ndipo zije hesabu za viti na kanuni za moto. Moshi wa kahawa unaweza kutatuliwa kwa kibaraza kilicho wazi upande mmoja, na viti vifupi si lazima vijaze ukumbi mzima. Jengo laweza kuwa la kawaida kabisa kwa nje, mradi ndani mwenyewe ajitambue.

Wanafunzi wa Kiswahili tunahusika. Tunafunzwa kwamba tafsiri njema haihamishi maneno matupu, bali huhamisha maana na matumizi yake. Mkahawa wa mhamiaji ni tafsiri ya aina hiyo. Tukiweza kuhakiki tamthilia, tunaweza pia kuketi na wasanifu na kuwaeleza kazi ya daka na baraza, kabla maneno haya hayajabaki kamusini tu.

Nilipotaka kuaga, yule mama aliniletea kahawa kutoka jikoni, kikombe kimoja. Nilikinywa, nikashukuru, nikampisha mteja aliyekuwa akisubiri meza.