Kibumba: Fundi anayelipwa na muuzaji si fundi wako

Mama muuzaji wa Goma akija kununua viazi hapa Kibumba, anamwaga gunia chini. Anataka kuona kama vidogo na vilivyooza vimefichwa chini ya vikubwa. Hakuna mkulima anayekasirika, maana ni haki yake. Lakini mkulima huyohuyo akishuka Goma kununua gari ya okazioni, anatazama rangi, anasikiliza redio, anahesabu dola. Motere hajaigusa.

Tuseme wazi: desturi hii inalisha makomisioneri na inafilisi wakulima.

Tazama namna biashara inavyofanyika. Komisioneri anakuletea gari, kisha fundi pia anakuletea yeye. Fundi anafungua kapo, anasikiliza kidogo, anasema motere ni ya nguvu. Mkipatana, wote wawili wanakula komisioni. Msipopatana, wanarudi mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo atakuambiaje usinunue?

Ujanja wa pili ni kuwasha gari kabla hujafika. Motere iliyochoka inaficha ugonjwa wake ikisha kupata moto. Kwa hiyo weka mkono juu ya kapo. Ikiwa na joto, sema utarudi kesho asubuhi, na iwashwe mbele yako.

Ikiwaka, simama nyuma. Moshi wa bluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Moshi mweusi ni mazuti au esansi isiyoungua vizuri. Moshi mweupe kidogo katika baridi ya asubuhi kama ya kwetu si ugonjwa, lakini ukiendelea wakati motere imepata moto, huenda maji yanaingia ndani. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Fungua radiatere kabla gari haijawashwa, usithubutu kuifungua ikiwa moto. Mafuta yakielea juu ya maji, aga uende zako. Na motere iliyooshwa ikang'aa kama sahani, uliza ilikuwa inavuja wapi.

Halafu barabara. Kuzunguka dakika tano Birere hakuonyeshi kitu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kibumba iko juu zaidi. Gari ya kubeba kabichi zetu ipande kwanza barabara ya Rutshuru, angalau mpaka Kibati, ikiwa na mzigo, huku ukitazama mshale wa joto. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Makomisioneri watasema: gari imetumiwa miaka mingi, unataka iwe mpya? Hapana. Gari ya zamani ina ubovu wake, na ubovu unaojulikana una bei yake. Tunachokataa ni ubovu uliofichwa kuuzwa kwa bei ya uzima.

Wengine watasema mkulima hana pesa ya kulipa fundi wake mwenyewe. Mwenye kutoa maelfu ya dola anashindwa vipi kumlipa fundi siku moja? Watu wengi wa hapa walikimbia vita mwaka 2022, wakalala chini ya mahema Kanyaruchinya. Waliorudi wanaanza upya na mashamba, na mara nyingi gari inanunuliwa kwa mchango wa ndugu watatu au wanne. Motere ikifa, kabichi zinaoza njiani, deni linabaki, na ndugu wanaanza kushutumiana uchawi.

Mafundi wa garaji za Goma, chagueni: komisioni ya muuzaji au jina lenu. Na ninyi ndugu zangu wa Kibumba, tunaokubali gunia letu limwagwe, tudai na sisi kapo ifunguliwe, motere ikiwa baridi, mbele ya fundi tuliyemlipa wenyewe.