Barua za wenyehisa: Kampuni zipime gharama

Hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka wa 2008, kila moja kwa shilingi 5, Wakenya zaidi ya 800,000 waliomba kuzinunua, walimu wakiwemo. Kuwapelekea watu wengi namna hiyo ripoti kwa posta ni gharama inayoweza kuumeza mgao mzima wa mwenye hisa chache. Barua pepe basi ni nafuu, lakini nafuu yenyewe hutegemea mkataba. Wako wauzaji wa huduma hii wanaotoza kila mwezi kwa idadi ya anwani zilizohifadhiwa. Wengine hutoza kwa barua zinazotumwa tu. Kampuni inayowaandikia wenyehisa mara nne kwa mwaka ina haja gani ya kulipia miezi minane ya kimya?

Tena, tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka watumaji wa barua nyingi wathibitishe kwamba anwani wanayotumia ni yao kweli. Asiyetii, ilani yake ya mkutano mkuu huenda ikatupwa pamoja na matangazo ya bahati nasibu. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimwondolei mwenye orodha wajibu wake eti kwa kuwa kazi ameikabidhi wakala.

Na yule mzee wa kijijini asiye na barua pepe? Huyo bado anadai bahasha yake.